Miezi mitano na maziwa maalumu ya mzio: uzoefu wangu

Nianze na harufu, maana ndiyo itakayokupokea ukifungua kopo la maziwa haya ya unga, ya watoto wenye mzio wa protini za maziwa ya ng'ombe. Ni nzito, na maziwa yenyewe ni machungu. Mwanangu, wakati huo ana miezi minne, alivuta mara mbili, akakunja uso, akaisukuma chuchu kwa ulimi. Nililia. Siku ya tatu alimaliza chupa.

Tulifika huko baada ya wiki nyingi za kinyesi chenye makamasi na nyuzi za damu, kucheua kila mara, na ukurutu mashavuni. Kwanza nilikuwa nimenunua kopo lililoandikwa kuwa ni la watoto wenye tumbo jepesi kusumbuka. Halikusaidia kitu: protini zake zilikatwa kidogo tu. Haya aliyoandika daktari, zimekatwa vipande vidogo mno, na kinga ya mwili ya watoto wengi wenye mzio haivishtukii. Wachache wanaosumbuka hata nayo hupewa yale ya amino asidi, yaani vipande vidogo kabisa vinavyounda protini.

Mtakaoambiwa mjaribu maziwa ya mbuzi, tafadhali msijaribu. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Yasiyo na laktosi nayo si dawa, kwa sababu laktosi ni sukari, na mzio huu unatokana na protini.

Damu iliisha ndani ya wiki mbili. Ukurutu ulikawia zaidi, karibu mwezi. Kinyesi kiligeuka kijani, nikaogopa bure. Kwa maziwa haya ni kawaida.

Kilichoniuma zaidi ni wiki ya nne, daktari aliposema tumrudishie maziwa ya kawaida kidogo kidogo ili tuhakikishe. Mtoto ametulia, kwa nini nimchokoze? Nikatii. Siku ya pili makamasi yakarudi, tukaacha palepale, na tangu hapo sina shaka ni mzio. Bila jaribio lile ningebaki nakisia. Lakini kama mtoto wako huvimba midomo, hutokwa na vipele ghafla au hukosa pumzi akinywa maziwa, usithubutu kulifanya nyumbani.

Nayapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa ajili ya ule uchungu. Sasa ana miezi tisa, mashavu laini, na chupa anaishika mwenyewe. Akitimiza mwaka tutajaribu tena, daktari akituongoza.