Dafu Halimo

Tulilipa mapema, "kila kitu ndani", kulala siku mbili kwenye hoteli moja ya ufukweni Kigamboni: mimi, baba watoto, wanangu wawili na mama mkwe. Ilikuwa likizo ya shule, sijui ile iliyopita au ya kabla yake, hasira imenifutia tarehe.

Tulipita Daraja la Nyerere kukwepa foleni ya kivuko. Mapokezi wakatuvisha bangili za plastiki za bluu. Vyumba safi, na pweza wao wa nazi sina neno, nilirudia mara mbili.

Sasa sikia. Jioni Bibi akaomba dafu. Kakaa chini ya mnazi! Kijana wa baa kaja, shikamoo hana, kamshika mama wa watu mkono, kaugeuza kama anayekagua kuku sokoni, kasoma rangi ya bangili. "Dafu halimo. Bluu ni maji na soda." Akitaka, elfu sita.

Nje ya geti yupo muuza madafu na baiskeli yake. Nikanunua mawili kwa bei ya kibinadamu. Kurudi, mlinzi ananiambia vinywaji vya nje marufuku. Nikayanywa palepale getini, nimesimama, yote mawili, tumbo likajaa kwa ubishi tu. Bibi akabaki na soda yake ya machungwa.

Kwa hiyo ukienda, usiulize kilichomo, uliza kisichomo. Kwetu juisi ya matunda haikuwemo, boti haikuwemo, na chai ukichelewa saa nne imekula kwako. Angalia na mwezi wa angani pia: sisi tuliangukia bamvua, zile siku bahari inajaa na kupwa kupita kawaida, kufika saa tano asubuhi maji yamekupwa huko mbali, watoto wakaishia bwawani. Hilo si kosa la hoteli, ingawa siku ile nililiingiza kwenye mashtaka.

Nilipania kuwapa nyota moja. Lakini watoto kila siku wanauliza tunarudi lini, na Bibi mwenyewe anasema siku mbili hajashika mwiko, mimi nalalamika nini? Basi tatu. Nikiukumbuka ule mkono, mbili.

Siku ya kuondoka yule yule kijana alibeba begi la Bibi mpaka kwenye gari. "Shikamoo, Bibi." Bibi akaitikia marahaba mwanangu, akampa elfu mbili. Mimi nilishapandisha kioo.