Elektrolaiza ya Enapter EL 4.0 kwa umeme wa kisiwa na boti: mashine nzuri, lakini nunua betri kwanza

EL 4.0 ni elektrolaiza, yaani mashine inayotumia umeme kugawa maji kuwa hidrojeni na oksijeni; ni boksi la kilo 38 linalofungwa kwenye raki ya kawaida ya vifaa vya umeme. Unaipa umeme wa wati 2,400 na maji safi lita 0.4 hivi kwa saa, nayo inatoa mita za ujazo 0.5 za hidrojeni kwa saa, yaani kama kilo moja ikifanya kazi saa 24. Gesi inatoka ikiwa na msukumo wa hadi bar 35 bila kompresa, na hapo ndipo mashine hii inapowaacha wenzake wengi wa ukubwa wake. Ndani yake kuna mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi wa 1% tu, wakati elektrolaiza za alkali za zamani hutumia wa 30% hivi, unaobabua ngozi vibaya sana ukimwagika.

Kabla ya kuagiza, piga hesabu. Kilo moja ya hidrojeni inakula takriban kWh 53. Ukiipitisha kwenye seli ya fueli (kifaa kinachogeuza hidrojeni kuwa umeme tena) yenye ufanisi wa 50%, unarudishiwa kWh 16 au 17, chini ya theluthi moja. Betri ya lithiamu inarudisha karibu tisa katika kila kumi. Kwa hiyo anayetaka kuhifadhi jua la mchana awashe taa usiku hana sababu ya kununua hidrojeni. Hidrojeni inaanza kulipa pale umeme wa ziada ungepotea bure, na uhaba ukija unakaa siku nyingi au majuma.

Utsira, kisiwa cha Norway, kilikuwa na sababu hiyo. Mwaka 2004 kampuni za Norsk Hydro na Enercon zilifunga huko mitambo miwili ya upepo ya kW 600, elektrolaiza ya kW 48 na akiba ya hidrojeni mita za ujazo 2,400 (zikipimwa kabla ya kubanwa) iliyobanwa kwa bar 200, kwa ajili ya nyumba 10. Kurudisha umeme kulitegemea injini ya hidrojeni ya kW 55 na seli ya fueli ya kW 10. Seli ndiyo iliyosumbua. Injini ndiyo iliyobeba kazi. Sisi wa karibu na ikweta hatuna kiangazi chenye jua tele na majira ya baridi yenye giza kama wao. Mawingu ya masika yanabana kwa siku kadhaa, na mara nyingi siku hizo huzibwa kwa bei nafuu zaidi kwa kuongeza paneli, betri na jenereta ndogo ya akiba.

Kama bado unaitaka, tatizo la kwanza litakuwa maji. Mashine inataka maji yasiyozidi maikrosimensi 20 kwa sentimita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba inapanda. Maji ya bahari yaliyopita kwenye mtambo wa kuondoa chumvi kwa kawaida yanabaki na mamia kadhaa. Yanafaa kunywa, hayafai hapa. Weka chujio la pili la osmosisi, kisha chupa ya resini ya kuondoa ioni, kisha kipimo cha upitishaji umeme kwenye bomba linaloingia, kiwe na king'ora. Resini ikichoka haibadilishi ladha wala rangi ya maji. Utajua kwa kipimo tu, au kwa selistaki (rundo la seli ndani ya mashine linalogawa maji) kuanza kudai volti nyingi kuliko zamani, na hapo uharibifu umeshaanza. Agiza resini ya mwaka mzima pamoja na mashine, maana haipatikani duka la vifaa la mtaani.

La pili ni kuwasha na kuzima. EL 4.0 inafanya kazi kati ya 60% na 100% ya uwezo wake, kwa hiyo umeme ukishuka chini ya wati 1,400 hivi haiwezi kuendelea. Ukiiunganisha na paneli bila betri katikati, kila wingu linaizima. Hata seli ya fueli haipendi kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara. Iweke ichaji betri kwa mzigo uliotulia, na betri ndiyo ibebe friji na pampu.

Mabomba yawe ya chuma cha pua 316L na viungio vya feruli mbili (pete mbili zinazobana bomba). Jaribu kwanza kwa naitrojeni na povu la sabuni, ndipo uingize hidrojeni. Gesi hii inawaka ikiwa 4% hadi 75% ya hewa, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Kihisi kinafungwa darini, si sakafuni kama cha gesi ya kupikia: king'ora kwa 0.4%, kuzima kila kitu kwa 1%. Bomba la kutolea hidrojeni na la oksijeni yasikutane popote. Kikaushio cha gesi kinauzwa peke yake; usikiruke, la sivyo maji yatajikusanya ndani ya mtungi. Kwenye seli ya fueli, hewa inayoingia ipite chujio la kuzuia mvuke wa chumvi, kwa sababu chumvi inapunguza nguvu yake taratibu.

Kwa akiba, tangi la lita 1,000 kwa bar 35 linabeba kilo 2.8 tu, na takriban 2.5 ndizo utakazotumia: kWh 41 za umeme. Juu ya ardhi hilo linavumilika. Kwenye boti halivumiliki. Mota ya kW 5 kwa saa sita inataka kWh 30, sawa na kilo 1.8, na tangi la bar 35 la kuzibeba linakaribia lita 700. Kwa bar 350 zinatosha lita 80 hivi, lakini sasa unahitaji kompresa, mitungi ya nyuzi za kaboni na mahali pa kujazia. Boti ya Alsterwasser ya Hamburg, ya abiria 100, ilibeba kilo 50 kwa bar 350. Ilikuwa ikifanya kazi, ila mwaka 2013 kituo chake cha kujazia kilifungwa, nayo ikasimama. Mwenye boti ndogo ya uvuvi au ya kuvusha watu achukue mota ya umeme na betri, aichaji gatini.

Kama mashine, EL 4.0 tunaipa nne kati ya tano. Kama akiba ya kila usiku, mbili. Ukiagiza, pata kwa maandishi nani atakuja kubadilisha mmumunyo na selistaki, na kutoka mji gani.