Greenway, nyumba ya likizo ya Agatha Christie: uzoefu wangu

Ukienda Greenway ukitegemea kuona meza ambayo Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alikalia akiwaua watu kwa kalamu, utatoka patupu. Hapa alikuja kupumzika. Muswada mpya akiwa nao, aliwasomea jamaa zake sebuleni. Nyumba iko mlimani juu ya mto Dart, huko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Yeye na mumewe Max Mallowan, mwanaakiolojia, waliipata mwaka 1938 kwa pauni 6,000. Kodi yangu ya nyumba kwa mwaka inaipita hiyo!

Tulikwenda kwa boti kutoka Dartmouth, na ndiyo njia ninayokushauri, kwani wa magari sharti waweke nafasi ya maegesho mapema. Ila kutoka gatini ni kupanda tu; mama mkwe alisimama kila kona akimwita Mola wake.

Ndani kumeachwa kama wenyewe wametoka kidogo: kofia, fimbo za kutembelea, vyombo vya udongo kila kabati. Mimi nilinaswa na maktaba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali iliichukua nyumba, wakaingia maofisa wa Walinzi wa Pwani wa Marekani. Mmoja wao, Luteni Marshall Lee, akachora kuzunguka kuta zote, juu karibu na dari, safari ya kikosi chao bandari kwa bandari hadi kufika mto huu. Inua shingo uifuate taratibu. Mwishoni utaiona Greenway yenyewe katikati ya miti. Vita vilipokwisha Christie aliulizwa kama anataka ifutwe, akakataa. Vyoo 14 walivyoviacha, hivyo alivipigania viondolewe. Namwelewa kabisa.

Familia iliikabidhi kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo ya kihistoria, mwaka 2000, na milango ya nyumba ikafunguliwa kwa wageni 2009. Wahudumu wa kujitolea wanajua mambo, waulize bila aibu.

Banda la boti liko chini kabisa, majini. Waliosoma riwaya yake Dead Man's Folly ya 1956 watalitambua: ndimo maiti inamopatikana, na mwigizaji David Suchet alikuja kuigiza Poirot, mpelelezi wa riwaya hizo, papa hapa. Mwenye watoto aanzie huko kabla hawajachoka, maana ndani ya nyumba ni kutazama zaidi kuliko kugusa.