Shamba la mizabibu la ubia: Santorini au Pantelleria?

Kwenye kisiwa cha Santorini, Ugiriki, wakulima huisuka mizabibu ya aina ya Assyrtiko kama kapu lililokaa chini, zabibu zikakua ndani bila kuchapwa na upepo. Udongo wa volkano umeikinga na filoksera, mdudu aliyeangamiza mashamba mengi ya Ulaya karne ya 19. Ushirika wa wakulima upo tangu 1947, kwa hiyo wabia wapya hawaanzi gizani. Tatizo ni utalii: hoteli nazo zinaitaka ardhi hiyohiyo, na bei inapanda.

Kisiwa cha Pantelleria, Italia, kiko karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicily. Kila mzabibu wa aina ya Zibibbo hupandwa kwenye kishimo na kupogolewa uwe kichaka kifupi. UNESCO iliutambua ujuzi huo mwaka 2014. Kazi ni ya mikono, kwenye matuta yanayoshikiliwa na kuta za mawe makavu, bila saruji. Ukuta ukibomoka, nani analipa? Liandikwe kwenye mkataba kabla hamjanunua hata jembe. Zabibu zikianikwa juani hutoa passito, divai tamu yenye jina kubwa.

Mimi ningechagua Pantelleria, kwa sharti kwamba wabia wasiopungua wawili waishi kisiwani mwaka mzima.