X-Men: anzia 1975, namba 1 iache kwanza

Mtu akimaliza kuangalia muvi au ile katuni ya TV swali ni lile lile, nataka kusoma X-Men yenyewe ya kwenye komiki naanzia wapi, na majibu anayopewa ndio yanamkimbiza, mmoja anamwambia anzia mwanzo kabisa, mwingine anamwambia shika lolote utaelewa mbele kwa mbele, mwingine anamshushia orodha ndefuuu ya matoleo mpaka mtu anaona bora arudi zake kwenye muvi. Mimi jibu langu ni moja na nitalitetea. Chukua kitabu kinaitwa Second Genesis, kipo kwenye zile Epic Collection za Marvel, vitabu vinavyokusanya matoleo mengi ya zamani pamoja, kinaanza na Giant-Size X-Men namba 1 ya mwaka 1975 halafu kinaingia X-Men namba 94 mpaka 110. Hapo ndipo penyewe.

Najua wengi roho inakataa kuruka namba 1 halisi. Ile ilitoka 1963, Stan Lee kaandika na Jack Kirby kachora, na misingi yote ipo, Profesa Xavier na shule yake, Cyclops, Beast, Angel, Iceman, Jean Grey, na Magneto yupo tangu toleo la kwanza. Lakini kuisoma leo kama ndio mara yako ya kwanza ni kazi kweli kweli, kila toleo adui mpya anakuja anapigwa anaondoka, na Jean kwa muda mrefu yupo pale ili wavulana wamtolee macho. Hata enzi zile mauzo hayakuwa mazuri, baada ya toleo la 66 mwaka 1970 Marvel waliacha kutunga stori mpya kabisa wakawa wanachapisha upya za zamani, kuanzia 67 mpaka 93. Yaani miaka mitano jina lipo sokoni lakini hakuna kitu kipya ndani. Matoleo ya mwisho mwisho aliyochora Neal Adams ni mazuri sana, hayo utayarudia baadaye ukishakuwa mwenyeji.

Sasa 1975 wakaja Len Wein na Dave Cockrum na hii Giant-Size. Timu ya zamani imepotelea kwenye kisiwa kinaitwa Krakoa, Xavier anazunguka dunia kutafuta watu wa kwenda kuwaokoa, anamkuta Nightcrawler Ujerumani anakimbizwa na wanakijiji wenye mienge, Wolverine yupo na jeshi la Canada, Colossus yupo shambani Siberia, Sunfire Japani, Thunderbird kwa Waapache Arizona, Banshee, na Storm yupo Kenya. Hawa watu hawajuani. Hakuna anayempenda mwenzake. Wanagombana hata kabla hawajafika kisiwani, na wewe msomaji humjui hata mmoja, kwa hiyo mnaanza kufahamiana wote kwa pamoja. Ndio maana nasema mgeni aanzie hapa, stori yenyewe inahusu wageni waliokusanywa ghafla kwenye nyumba ambayo ina historia yake tayari. Cyclops ndiye mzee wa nyumba, anawaeleza wao na hapo hapo anakueleza na wewe.

Niseme kidogo kuhusu Storm maana najua wengi ndio mnakuja kwa ajili yake. Ile kurasa anayoonekana kwa mara ya kwanza imezeeka vibaya, Afrika ya kuchorwa na watu wa mbali, watu wanamwabudu wanaomba mvua, yeye hajavaa karibu kitu chochote, halafu anakuja mzungu kwenye kiti cha magurudumu, Xavier huyo huyo, kumwambia wewe sio mungu wewe ni mutanti, yaani binadamu aliyezaliwa na nguvu za ajabu. Inakera, na una haki ya kukereka. Lakini usifunge kitabu, vumilia mpaka toleo la 102 ambapo tunapewa maisha yake, mama yake N'Daré ni Mkenya, baba yake ni mpiga picha Mmarekani, wazazi wamekufa Cairo nyumba ilipowaangukia na mtoto akabaki amefukiwa kwenye kifusi, na ndio sababu mpaka ukubwani hawezi kukaa sehemu iliyobana. Kutoka hapo anakuwa mtu kamili, anaongoza timu, na huko mbele sana kwenye toleo la 201 la mwaka 1986 anapambana na Cyclops kugombea uongozi wakati nguvu zake zote zimeshapotea, na anamshinda! Mimi kwenye komiki za mashujaa wote sijaona mhusika wa kike wa miaka ile aliyepewa safari ndefu na ya heshima kama hii, nasema kwa moyo wote.

Na safari hiyo imewezekana kwa sababu ya mtu mmoja, Chris Claremont. Alishika kalamu kwenye toleo la 94 akaja kuiachia 1991, miaka kumi na sita mwandishi ni yule yule. Hii ni faida kubwa ambayo watu hawaisemi wanapotoa ushauri, kwamba tatizo la X-Men sio wingi wa matoleo, tatizo ni kubadilika kwa mikono, leo mwandishi huyu kajenga kesho mwingine kabomoa. Kwa Claremont hakipotei kitu. Anatupia jambo dogo kwenye ukurasa mmoja halafu linakaa miaka linakuja kulipuka wakati umeshasahau. Jean anarusha chombo cha anga kupita kwenye mionzi ya jua ili wenzake waokoke, toleo la 101 anatokea kwenye maji akiwa Phoenix, mwenye nguvu mpya kubwa mno, hiyo ni 1976, na matokeo ya siku ile yanakuja kudaiwa toleo la 137 mwaka 1980. Sitasema yanadaiwaje. Nitasema tu kwamba mwisho wa 137 uliandikwa na kuchorwa tofauti, mhariri mkuu wa Marvel wakati huo Jim Shooter akaukataa, akasema kwa alichokifanya Jean toleo la 135 haiwezekani akaachiwa kirahisi hivyo, ikabidi wabadilishe dakika za mwisho, na matokeo yake ni kati ya komiki zilizoumiza watu kuliko zote.

Kitu kingine kinachomfaa mgeni, Claremont anaandika kila toleo kama vile kuna mtu ndio ameokota komiki leo. Kila mara utakumbushwa Colossus anageuka chuma, Nightcrawler anatoweka na kutokea kwingine, makucha ya Wolverine ni adamantium, chuma kisichovunjika. Ukisoma mfululizo kwenye kitabu itakuchosha, ukweli usemwe, maana zamani ilikuwa toleo moja kwa mwezi au hata miezi miwili ndio likatoka jingine. Na maneno jamani, maneno ni mengi. Mtu anapigwa ngumi na bado ana viputo vitatu vya mawazo kabla hajaanguka, halafu juu yake kuna kisanduku cha maelezo kinakueleza kile kile unachokiona kwenye picha. Ukizoea komiki za sasa utahisi mtu anakuongelesha sikioni muda wote. Ushauri wangu usiruke, soma polepole toleo moja moja, mawili kwa siku inatosha, ukimeza kitabu kizima kwa mkupuo utaichukia bure.

Udhaifu mwingine ni hayo matoleo ya mwanzo mwanzo baada ya 94. Kuna mapepo yanatoka ardhini, kuna toleo la 103 wanatokea vijitu vidogo vya hadithi za Ireland, na Wolverine bado hajawa Wolverine unayemjua, ni jamaa mkorofi tu anayejibu watu vibaya. Vuta subira. Toleo la 98 mpaka 101 mambo yanakaza, na 108 anaingia mchoraji John Byrne, na yeye ni Mkanada aliyekulia huko kwa hiyo Wolverine alimpenda kuliko wote, hapo ndio unamwona jamaa anaanza kupewa uzito. Kule mbele kuna mwisho wa toleo la 132 Wolverine peke yake kwenye maji machafu chini ya jengo la Hellfire Club, klabu ya matajiri waovu, ile picha moja ndio imemfanya kuwa yule staa tunayemjua leo, na 133 anafanya kazi yake.

Kwa nini sio mpya? Nimesoma House of X na Powers of X za Jonathan Hickman za mwaka 2019, na ni kazi kubwa, imechorwa vizuri ajabu, na watu wengi wanampa mgeni hiyo kwa sababu inaonekana kama mwanzo mpya. Mimi nakataa kabisa. Taifa lote la mamutanti kwenye stori ile limejengwa juu ya Krakoa, kisiwa cha Giant-Size hii hii, na ile siri kubwa ya toleo la pili la House of X inamhusu Moira MacTaggert, ambaye mara ya kwanza kuonekana ni toleo la 96, anafika pale shuleni kama mtunza nyumba. Vyote viwili vimo ndani ya Second Genesis! Msomaji anayemjua Moira akifika kwenye ukurasa ule anashtuka mpaka anainuka, asiyemjua anaona tu mwanamke fulani anaeleza mambo.

Astonishing X-Men ya 2004, ya Joss Whedon na mchoraji John Cassaday, hiyo naikubali kama chaguo la pili kwa mtu ambaye michoro ya zamani haimwingii kabisa. Ni matoleo 24 na moja kubwa la kumalizia, lugha ya sasa, unaelewa kila kitu. Ila kuna mtu anarudi toleo la 4, na machozi ya Kitty Pryde, yule msichana anayepenya kwenye kuta, pale hayatakugusa inavyotakiwa kama hujawahi kuwaona hao wawili zamani. New X-Men ya Grant Morrison ya 2001 inaanza kwa kishindo lakini wachoraji wanabadilika badilika na sehemu nyingine picha zinaonekana zimefanywa haraka haraka, iache ya baadaye.

Wanaosoma kwenye Marvel Unlimited, ile huduma ya Marvel ya kusomea komiki mtandaoni, kuna mtego. Ukitafuta X-Men yanakuja majina kibao yanayofanana, unayoitaka inaitwa Uncanny X-Men inayoanzia 1963, halafu shuka mpaka 94. Lakini Giant-Size X-Men ya 1975 imewekwa peke yake kama mfululizo mwingine, ukiingia moja kwa moja 94 utakuta watu wapo sebuleni tayari wanaagana na hujui nani ni nani. Ianze hiyo kwanza. Kwenye kitabu shida hii haipo, vimepangwa kwa mtiririko, na hiyo peke yake ni sababu ya mimi kupendelea kitabu.

Baada ya Second Genesis unafuata Proteus halafu The Fate of the Phoenix inayokufikisha 143. Humo kwenye hicho cha tatu ndimo Kitty anaingia toleo la 129 akiwa binti wa miaka kumi na tatu, ndimo kuna stori yote ya Dark Phoenix, ile ya Jean, na ndimo ile 141 na 142 waliyotengenezea muvi ya 2014, ni matoleo mawili tu na anayerudishwa nyuma kwenye muda ni Kitty sio Wolverine, utashangaa jinsi wameibana stori kubwa kwenye kurasa chache. Tafadhali usiruke vile viwili ukaenda moja kwa moja kwenye cha tatu eti kwa sababu ndio maarufu, Jean lazima umzoee kwanza ndio ikuume.

Ukitaka kuonja kabla hujajitosa soma God Loves, Man Kills ya 1982, Claremont na Brent Anderson, stori moja imekamilika yenyewe, mhubiri anayeitwa Stryker anawachochea watu wawachukie mamutanti kwa jina la Mungu, haina haja ya kujua chochote kabla. Ni nzito, watoto wadogo wasipewe. Halafu rudi ukaanze na Xavier na wageni wake.