Kidonge, mwani mkavu au jelatini: ununue kipi ili bia ya nyumbani ing'ae?

Kwa anayepika bia ya shayiri nyumbani hapa Tabora, nafasi ya kwanza naipa tembe ya Whirlfloc, kidonge cha kung'arisha bia kinachotiwa sufuriani. Ni kitu cha kuagizwa, na mzigo mwepesi huokoa nauli: nusu tembe inatosha sufuria ya lita 20, wala huhitaji mizani. Itie zikibaki dakika 10 uepue. Mvua zikianza Novemba, ihifadhi kwenye kopo lililofungwa vizuri, maana hunyonya unyevu na kubomoka.

Kinachofanya kazi humo ni karajinani, utomvu wa mwani mwekundu. Huo una chaji hasi, na protini za kimea zina chaji chanya, basi hushikana na kutuama kama mabonge maji ya kimea yanapopoa. Kwa hiyo usinunue chochote kabla hujapanga namna ya kupoza haraka. Beseni kubwa la maji ya kisima linalobadilishwa mara kwa mara, kisha barafu, linafaa kabisa. Sufuria ikiachwa ipoe yenyewe usiku kucha, huenda usipate faida kamili ya tembe.

Ya pili ni Irish moss, mwani Chondrus crispus wa pwani za Atlantiki, uliokaushwa. Kazi ni ileile, ila una usumbufu kidogo: kijiko kimoja cha chai kwa lita 20, uloweke robo saa, kisha utie dakika 15 kabla ya kuepua. Usizidishe. Ukizidi, machicha huwa mepesi, hayashiki chini, na utamwaga bia nyingi pamoja nayo.

Mwani wetu wa Zanzibar ningependa sana kuupa nafasi ya kwanza, lakini naupa ya tatu. Aina ya kotoni ina karajinani ya kapa, ambayo ndiyo inayotakiwa. Spinosamu, inayolimwa zaidi Unguja, ina ya iota, yenye kuganda kwa ulaini tu. Muulize muuzaji ni aina gani, na akikosa jibu usinunue. Ukiupata wa kotoni, uoshe chumvi yote, ujaribu kwanza kwenye sufuria ndogo, maana hauji na kipimo.

Jelatini ya keki ni ya mwisho. Si ya sufuriani. Hutiwa bia ikishachachuka na kupoa sana, iteremshe hamira. Asiye na friji aiache dukani.

Anayechanganya mtama au ulezi apime wanga kwanza, kwani ukungu wa wanga hautolewi na yoyote kati ya hizi. Dondosha aidini ya duka la dawa kwenye matone ya maji ya kimea yaliyopoa, juu ya sahani nyeupe. Yakigeuka bluu nyeusi, endelea kuloweka kimea kwenye nyuzi 65 kabla ya kuchemsha, na matone hayo uyamwage.