Nilikatwa kipande cha utumbo mpana, ila kilichonitoa jasho ni maandalizi

Nilifanyiwa upasuaji wa utumbo mpana, upande wa kushoto, kwa njia ya matundu madogo. Kisu chenyewe sikukisikia. Siku ya kabla yake ndiyo sitaisahau.

Ule unga wa kusafisha tumbo unachanganywa na maji, unakunywa lita kwa lita. Ladha yake ni kama maji ya chumvi yaliyokamuliwa ndimu ili kuficha makosa. Glasi mbili za kwanza nilizimudu, ya tatu nikaanza kuongea na Mungu. Usinywe ukiwa vuguvugu; uache upate baridi kabisa, tumia mrija. Saa nzima hakuna kilichotokea, nikajiona tumbo langu ni la chuma. Kumbe! Usiku ule choo na mimi tulikuwa ndugu. Utajua umesafishika ukiona yanatoka maji ya manjano yasiyo na chengachenga. Na mafuta ya mgando yaweke karibu mapema, kabla huko nyuma hakujaanza kuwaka moto. Si kila mgonjwa hupewa unga huu, inategemea sehemu inayokatwa na uamuzi wa daktari. Mimi nilipewa pamoja na vidonge vya antibaotiki.

Lawama yangu kubwa ni karatasi ya maelekezo. Iliandika nisinywe hata maji kuanzia saa sita usiku. Asubuhi daktari wa usingizi akashangaa: chakula ndicho kinachosimamishwa mapema, maji matupu ningeweza kunywa hadi zibaki saa mbili kabla ya nusu kaputi. Mtu umeharisha usiku kucha, ulimi umegandia kwenye kaakaa, kumbe ni karatasi ya zamani tu. Ulizeni hili kabla, na mumuulize daktari wa usingizi mwenyewe. Mwambieni pia dawa zote mnazomeza, hasa za kisukari na za kulainisha damu.

Kilichonifurahisha ni muuguzi wa mifuko ya choo, ile inayobandikwa tumboni kupokea kinyesi. Alinikalisha, akanisimamisha, akaniinamisha, kisha akachora nukta tumboni kwa kalamu, mbali na mikunjo na mkanda wa suruali. Akasema, "Huenda usihitaji mfuko, lakini ukihitajika, ukae mahali unapopaona." Ile nukta ilinitia baridi mwilini. Mfuko sikuwekewa, lakini yeye peke yake ndiye aliyezungumza nami kuhusu maisha ya baadaye.

Nilipozinduka nilikuta dripu mkononi, mpira wa mkojo, na bega la kulia linauma kweli kweli. Nikadhani wamenilaza vibaya. Kumbe ni ile gesi ya kaboni dioksidi wanayojaza tumboni ili wapate nafasi ya kufanyia kazi. Inasumbua kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, maumivu yanajitokeza begani. Yaliisha baada ya siku mbili. Kwa nini hawakuniambia, sijui.

Kesho yake asubuhi walinisimamisha nitembee, nikalalamika, nikatembea. Nikikohoa, nakumbatia mto tumboni. Nilipewa na chingamu, nikadhani ni utani. Kutafuna kunaudanganya utumbo uliolala uamke. Swali la kila asubuhi lilikuwa moja: "Umejamba?" Siku ya tatu nilijibu ndiyo, mzee wa kitanda cha jirani akanipigia makofi.

Niliruhusiwa na onyo moja nililoshika kuliko yote: homa ikipanda, au tumbo likizidi kuuma badala ya kupoa, nisisubiri kliniki, nirudi siku hiyo hiyo, maana pale walipounga utumbo panaweza kuvuja. Vitu vizito nisiinue kwa wiki 6. Choo kilikwenda ovyo kwa muda, mara kigumu, mara mbio.

Siku ya kutolewa nyuzi niliwarudishia ile karatasi yao, "saa sita usiku" nimeizungushia wino mwekundu.